Namna ya Kuandika Wasifu wa Mtunzi wa Mashairi ya Nyimbo

Mwimbaji mashuhuri anapofariki dunia, redio hupiga nyimbo zake kutwa nzima na magazeti huchapa picha yake ukurasa wa mbele. Mtunzi aliyemwandikia maneno ya nyimbo hizo huzikwa na jamaa na majirani, na miongoni mwa wanaolibeba jeneza wamo waliozikariri tungo zake tangu utotoni pasipo kujua kwamba zilitoka kwake. Hali hii imeenea sana katika taarabu ya mwambao, ambako tangu zamani mwenye sauti na mwenye kalamu aghalabu wamekuwa watu wawili, na imo pia katika muziki wa dansi, ingawa huko hujificha nyuma ya jina la bendi. Mwongozo huu ni kwa ajili ya yeyote anayetaka kuirekebisha: mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu, mwandishi wa makala, au mjukuu aliyerithi sanduku la madaftari na hajui aanzie wapi.

Mfano nitakaourudia mara kwa mara ni wa Mombasa. Ahmad Nassir Juma Bhalo, aliyezaliwa mwaka 1936, anajulikana na wasomaji wa mashairi kwa diwani yake Malenga wa Mvita, iliyochapishwa na Oxford University Press mwaka 1971. Kabla ya hapo, mwaka 1966, mashairi yake yalikwisha kutolewa Marekani pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Lyndon Harries. Wapenzi wa taarabu, kwa upande wao, walimjua zaidi ndugu yake wa ukoo, Mohamed Khamis Juma Bhalo, mwimbaji aliyeitwa Profesa Juma Bhalo na aliyefariki mwaka 2014. Mashairi ya Ahmad Nassir yaliimbwa na Juma Bhalo katika nyimbo nyingi. Kalamu ni ile ile, lakini ilikuwa na hadhira mbili, moja ikimsoma darasani na nyingine ikimsikia arusini, na ni wachache waliokuwa katika zote mbili. Anayeandika wasifu wa mtunzi wa nyimbo kazi yake kubwa ni kuzikutanisha hadhira za namna hiyo.

Orodha ya tungo hutangulia tarehe ya kuzaliwa

Waandishi wengi huanza kwa kuuliza mtunzi alizaliwa lini, alisoma wapi na aliacha watoto wangapi. Maswali hayo yana mahali pake, lakini ukiyatanguliza utajikuta na maisha ya mtu yeyote wa mtaa ule, maisha yasiyoeleza kwa nini unamwandika huyu na si jirani yake. Kinachomtofautisha mtunzi ni alichokitunga. Kwa hiyo, kabla hujaomba mahojiano na mtu yeyote, tengeneza daftari la tungo, na kwa kila wimbo andika mstari wake wa kwanza, majina yote ambayo wimbo huo umepewa, mwimbaji, kikundi, chombo ulichotokea (santuri, kaseti, mkanda wa redio, hafla), mwaka unaokisiwa, na, muhimu kuliko vyote, ushahidi kwamba yeye ndiye aliyeutunga.

Mstari wa kwanza una maana kubwa kwa sababu jina la wimbo si kitu cha kutegemewa. Kampuni ya santuri huandika jina moja kwenye lebo, watu mtaani huuita kwa kibwagizo chake, na mtunzi katika daftari lake huenda aliuita kwa jina la tatu au hakuupa jina kabisa. Nimeona orodha ambamo wimbo mmoja umehesabiwa mara mbili na tatu kwa sababu hiyo tu.

Ushahidi nao una madaraja yake, nawe huna budi kuyaandika waziwazi. Muswada wenye mkono wa mtunzi, ukiwa na maneno yaliyokatwa na kubadilishwa, ni wa daraja la juu, kwa kuwa mtu anayenakili shairi la mwenzake hana haja ya kulirekebisha vina. Hufuata kauli ya mwimbaji mwenyewe, hasa ikiwa anakiri kwamba wimbo uliomletea sifa si wake. Lebo ya santuri hushika nafasi ya chini kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu nitakazoeleza hivi punde. Mwisho kabisa ni uvumi wa barazani, ambao hauwi ushahidi mpaka upate mwenzake.

Pale ambapo watu wawili au watatu wanadai wimbo mmoja, usijifanye hakimu. Wimbo wa Malaika ni mfano unaojulikana kote Afrika Mashariki: jina lililoenea ni la Fadhili William wa Kenya, aliyeurekodi mapema, lakini wako pia waliomtaja Adam Salim, na wako waliomtaja Grant Charo. Mwandishi mwaminifu hupanga madai hayo kila moja kwa mwenyewe, akionyesha linategemea nini: kumbukumbu, santuri, au kauli ya mtu aliyekuwapo. Msomaji atapima. Ukiegemea upande mmoja kwa sababu tu ndiye mtu unayemwandika, utaiharibu imani ya msomaji hata katika zile nyimbo ambazo hazina ubishi wowote.

Lebo, kaseti na mkanda wa redio

Chukua santuri ya zamani uitazame kwa karibu. Kwenye karatasi ya duara iliyobandikwa katikati utaona jina la wimbo, jina la mwimbaji au kikundi, na mara nyingine jina katika mabano chini yake. Jina hilo la mabanoni ndilo ambalo wengi hulinakili moja kwa moja kama la mtunzi. Huenda ni lake kweli. Huenda pia ni la kiongozi wa bendi aliyetia sahihi mkataba, au la aliyeleta wimbo studioni, au la aliyesimamia kurekodi. Linganisha lebo kadhaa za kampuni hiyo hiyo: ukikuta jina moja mabanoni chini ya waimbaji wengi wa mitindo tofauti, ujue unatazama jina la mwenye biashara. Kisha igeuze santuri kwenye mwanga, usome tarakimu zilizochongwa kwenye plastiki karibu na lebo. Namba hizo, pamoja na namba ya katalogi, hufuatana kwa kiasi fulani, hivyo santuri usiyojua mwaka wake inaweza kuwekwa kati ya mbili unazojua miaka yake.

Kaseti ni ngumu zaidi. Huko Mombasa, maduka kama Mbwana Radio Service yalirekodi na kusambaza taarabu ya waimbaji wa mji kwa miaka mingi, na ni kwa kaseti hizo sauti ya Juma Bhalo ilipofika majumbani pwani nzima. Lakini karatasi ya ndani ya kaseti ilikuwa na nafasi ya majina ya nyimbo na mwimbaji tu. Mtunzi hakuwekewa mstari. Kwa hiyo kaseti itakupa wimbo wenyewe, na pengine mazungumzo ya ukumbini kabla haujaanza, ambayo huwa na thamani kubwa: sikiliza kila sekunde, kwa maana mwimbaji wakati mwingine humtaja aliyemwandikia.

Kwa muziki wa dansi wa Tanzania, hazina kuu ni mikanda ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo leo iko chini ya TBC. Katika miaka ya 1960 na 1970 studio za watu binafsi zilikuwa haba nchini, na bendi nyingi zilirekodi redioni. Nchini Kenya kazi hiyo iligawanyika kati ya Sauti ya Kenya, ambayo baadaye ilikuja kuwa KBC, na kampuni za santuri za Nairobi. Unapoomba ruhusa ya kusikiliza mikanda, omba pia kuona ganda la kila mkanda, kwa kuwa maelezo yaliyoandikwa kwa mkono juu yake hayamo katika nakala zinazozunguka kwenye intaneti.

Jina la bendi pia ni kalenda. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi; chama kilipogeuka kuwa JUWATA mwishoni mwa miaka ya 1970, na kisha OTTU mwanzoni mwa miaka ya 1990, bendi nayo ilibadili jina, na leo wengi wanaijua kwa jina la Msondo Ngoma. Wimbo ambao mtangazaji anautambulisha kuwa wa JUWATA, basi, umeshajiwekea mipaka ya miaka yake pasipo wewe kumuuliza mtu.

Usisahau nyimbo ambazo redio haikuzipiga. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu nchini Kongo mwaka 1947, akahamia Tanzania mwaka 1978 na kuliongoza kundi la Matimila mpaka likavuma nje ya bara, alitunga kwa Kiswahili nyimbo kuhusu ufukara, kifo na ubaguzi, na mmoja uliohimiza matumizi ya kondomu wakati wa UKIMWI ulikataliwa na redio ya taifa. Mtu atakayeandika wasifu wake kwa kutegemea maktaba ya redio pekee ataukosa wimbo ambao watu wa Dar es Salaam waliujua wote.

Beti iliyokatwa

Hapa ndipo pana utajiri ambao waandishi wengi huupita bila kuusimamia. Washairi wa mwambao wana desturi ya kale ya kujitaja katika beti ya mwisho, ile ya tamati au kaditama: humo huweka jina, lakabu, pengine mtaa au mji, na mara nyingine hata tarehe. Mshairi anayepeleka utungo gazetini hufanya hivyo mpaka leo. Shairi hilo hilo linapotiwa muziki, beti ya kwanza kuachwa ni hiyo ya mwisho. Santuri za mwendo wa mizunguko 78 kwa dakika zilichukua takribani dakika 3 kwa kila upande, na taarabu, yenye utangulizi wa ala na marudio ya kila mstari, humaliza dakika 3 kwa beti chache mno. Mwimbaji alichagua beti zenye kuchoma, akaliacha jina la mtunzi nje ya mlango wa studio. Hakuwa na nia mbaya. Muda ulikuwa umekwisha.

Kwa hiyo, kila unapopata muswada au shairi lililochapishwa, liweke kando ya wimbo na uhesabu beti. Ziandike zilizoimbwa kwa wino mmoja na zilizoachwa kwa wino mwingine. Utajifunza mengi kwa kuuliza kwa nini hii iliachwa: je, ilitaja mtu? Je, mafumbo yake yalikuwa mazito kwa ukumbi wa arusi? Je, ilikuwa na maneno ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, ambayo wasikilizaji wa Tanga au Unguja wasingeyapata? Kisha tafuta rekodi za hafla, kwa maana ukumbini hapakuwa na kikomo cha dakika 3, na beti zilizokosekana kwenye santuri huenda ziliimbwa saa nane za usiku mbele ya kinasa sauti cha mgeni mwalikwa.

Unaponakili maneno kutoka kwenye rekodi, fanya hivyo mara mbili. Mara ya kwanza andika kila kinachosikika pamoja na marudio, miito na viitikio vya mwimbaji. Mara ya pili ondoa nyongeza hizo na uhesabu mizani. Ukipata mizani 16 kwa kila mshororo, 8 kwa 8, na vina vimetulia kati na mwisho, umeufikia utungo wa mtunzi. Mshororo mmoja ukizidi au kupungua, ama umesikia vibaya, ama mwimbaji amebadili neno, ama mtunzi alikuwa na sababu. Kila jibu kati ya hayo matatu ni habari ya kuandikwa.

Wala usisanifishe lahaja. Mtunzi wa Mvita aliyeandika “mato” alikuwa na kina cha “to” mkononi, na mistari mingine ya beti hiyo huenda inaishia kwa “uzito” na “moto”. Ukimsaidia kwa kuandika “macho” umeivunja beti yake na kumfanya aonekane hajui vina. Andika kama alivyotamka, na maana uiweke pembeni. Katika Malenga wa Mvita, Shihabuddin Chiraghdin aliyatayarisha mashairi ya Ahmad Nassir kwa uangalifu, akayapa maelezo ya maneno, na kazi ile ni mfano mzuri wa kuiheshimu lahaja huku ukimjali msomaji aliye mbali nayo.

Kwenda kwa watu

Baada ya kuwa na orodha, nenda kwa walio hai, na uanze na wazee zaidi. Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti Binti Saad, uliotoka mwaka 1958, baada ya kuzungumza na Siti mwenyewe kabla hajafariki mwaka 1950. Kama angesubiri, tungebaki na santuri na masimulizi ya watu wa pembeni. Wasifu huo unafundisha jambo lingine pia. Siti, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, mzaliwa wa Fumba aliyerekodi Bombay mwaka 1928, hakuwa akifanya kazi peke yake: nyimbo zake nyingi zilizaliwa katika mazungumzo ya jioni ya wanakikundi wake, mmoja akileta kisa cha siku hiyo, mwingine mstari, mwingine lahani. Ukikuta mtunzi wako alifanya kazi katika mazingira ya namna hiyo, usimnyofoe kutoka kwenye kundi ili aonekane mkubwa. Eleza mchango wake ndani ya kundi.

Adabu ya kuingia nyumbani kwa watu hainunuliwi kwa barua ya chuo. Tafuta mtu wa familia au wa msikiti au wa kikundi cha zamani akutangulize. Siku ya kwanza amkia, kunywa kahawa, zungumza juu ya nyimbo unazozijua, ikiwezekana soma beti moja kwa moyo. Kinasa sauti kibaki mfukoni mpaka mwenyeji wako akuruhusu. Mjane wa mtunzi mara nyingi ndiye mtunza madaftari, na mara nyingi zaidi hakuna aliyewahi kumuuliza chochote. Mwite kwa jina la heshima analoitwa na watu wa nyumba ile, Bi fulani au Mama fulani, na muulize juu yake yeye kabla hujauliza juu ya marehemu: yeye ndiye aliyesikia beti zikijaribiwa usiku, na mara nyingine ndiye aliyesema neno hili halifai.

Madaftari usiyachukue. Yapige picha ukurasa kwa ukurasa, pamoja na jalada, karatasi tupu na hesabu za dukani zilizoandikwa nyuma, kisha uyarudishe mikononi mwa mwenyewe siku hiyo hiyo. Mengi ya watunzi wa kizazi cha kwanza yameandikwa kwa hati za Kiarabu. Kama huzisomi, mtafute anayezisoma awe mwenzio katika kazi na jina lake liandikwe kwenye kitabu.

Kuhusu tarehe, wazee wengi hawakumbuki mwaka bali hukumbuka jambo. Uliza kama wimbo ulikuwapo kabla ya Uhuru wa Tanganyika wa Desemba 1961, kabla au baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, wakati Mzee Karume anauawa Aprili 1972, wakati Mzee Kenyatta anafariki Agosti 1978, wakati wa vita vya Kagera, wakati Sokoine anafariki Aprili 1984, au wakati wa mvua za El Niño za 1997. Uliza pia ya nyumbani: mtoto wa kwanza alikuwa ameshazaliwa? Mlikuwa mkiishi nyumba ipi? Majibu hayo, yakiunganishwa na namba za santuri, hukupa mwaka ulio imara kuliko ule utakaotajwa kwa haraka ili kukuridhisha.

Fumbo lina mwenyewe

Taarabu ni sanaa ya kusema bila kutaja. Wimbo unaozungumzia ua, ndege au chombo baharini huenda uliagizwa na mke aliyeachwa, na aliyekusudiwa alikaa safu ya tatu siku ulipoimbwa kwa mara ya kwanza. Mwandishi wa wasifu lazima aijue mila hii ya kutungiwa: nani alimwendea mtunzi, alimweleza nini, alilipa au hakulipa, na mtunzi aliligeuzaje lile shauri la mtu mmoja likawa wimbo wa kila mtu. Mageuzi hayo ndiyo ufundi wenyewe, na kitabu kisichoyaonyesha kimeuacha ufundi nje.

Hata hivyo, kujua si ruhusa ya kuchapa. Jina la mtu binafsi aliyelengwa na fumbo, ulilolisikia kwa mdomo tu, halina nafasi kitabuni, hata kama mji mzima unalitaja. Watoto wake wapo. Eleza aina ya kisa na uache hapo. Hali huwa tofauti jambo linapokuwa limeingia kwenye kumbukumbu za umma. Wimbo wa Siti juu ya Kijiti, unaosimulia kuuawa kwa mwanamke aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam, na jinsi muuaji alivyotoroka ilhali walioadhibiwa wakawa wanawake waliokuwa wenyeji wa mgeni huyo, ulikuwa ukilalamikia hukumu iliyotolewa mahakamani. Kisa cha namna hiyo unaweza kukitafuta katika nyaraka na magazeti ya wakati wake, ukaulinganisha wimbo na maandishi ya serikali, na mara nyingi utakuta wimbo umesema waziwazi kile ambacho maandishi yamekizunguka.

Nyimbo nyingine haziwezi kueleweka peke yake kwa kuwa ni majibu. Katika miaka ya 1990, Tanzania One Theatre, iliyoanzishwa mwaka 1992, na Muungano Cultural Troupe zilishindana kwa mipasho, wimbo wa huku ukijibiwa na wa kule baada ya muda mfupi. Ukiandika juu ya mtunzi wa upande mmoja, sikiliza pande zote mbili kwa mfuatano wa tarehe, ama sivyo utaelezea jibu ukidhani ni swali.

Fedha na haki

Swali la fedha huulizwa kwa aibu, lakini wasifu wa mtunzi usiolijibu huwa na pengo. Wengi waliuza wimbo kwa malipo ya mara moja, mkononi, bila karatasi, na baada ya hapo wimbo ukawa mali ya kikundi au ya mwenye duka. Wengine hawakulipwa kabisa isipokuwa kwa heshima na sahani ya pilau. Ndiyo maana karibu wote waliishi kwa kazi nyingine. Iulize kazi hiyo kwa undani, kwa kuwa msamiati wake huingia katika tungo, na mtu aliyeshinda bandarini hatungi juu ya bahari kama aliyeshinda ofisini.

Tafuta pia kama aliwahi kujisajili. Kenya ina MCSK, chama cha kukusanya mirabaha ya wanamuziki, tangu mwaka 1983, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasimamiwa na KECOBO, bodi ya hakimiliki. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki Namba 7 ya mwaka 1999 na COSOTA, taasisi ya hakimiliki iliyoundwa chini yake. Zanzibar ina taasisi yake, COSOZA. Uliza familia kama kuna kadi ya uanachama au barua ya mgao wa mirabaha. Karatasi moja ya mgao yenye orodha ya nyimbo ni ushahidi wa utunzi pamoja na wa kipato.

Haki hizo zinakuhusu na wewe mwandishi. Katika nchi zote mbili hakimiliki ya maneno hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Maneno ni ya mtunzi na warithi wake, ilhali rekodi ni ya aliyeirekodi, kwa hiyo kibali cha kampuni ya santuri hakikupi haki ya kuchapa shairi zima, na kibali cha familia hakikupi haki ya kuweka sauti kwenye tovuti. Kunukuu beti chache kwa ajili ya uchambuzi, ukimtaja mwenyewe, kunakubalika. Zaidi ya hapo andika barua, upate jibu kwa maandishi, na kama wasifu utaleta fedha, kubalianeni mapema sehemu ya warithi ni ipi.

Kuandika

Fungua kwa wimbo. Chagua mmoja ambao wasomaji wako wanaujua kwa sauti ya mtu mwingine, uonyeshe ulivyozaliwa mezani kwa mtunzi, beti zake zote zikiwamo zilizokatwa, ndipo urudi nyuma kwenye utoto na masomo. Sura zifuate vipindi vya utunzi wake, wala si lazima zilingane kwa urefu: mwaka mmoja aliotunga nyimbo zinazoimbwa mpaka leo unastahili kurasa nyingi kuliko miaka kumi ya ukimya, ingawa ukimya nao uelezwe sababu yake, ikiwa ni maradhi, ugomvi na kikundi, au toba ya mtu aliyeamua kuachana na muziki.

Jihadhari na maneno nguli, gwiji na manju. Msomaji hapati kitu katika sifa hizo mpaka aone mstari mmoja ukichambuliwa: kwa nini neno hili na si lile, kina hiki kimefungua maana gani, mwimbaji aliuvuta wapi. Jihadhari vilevile na kifo kinachomeza maisha. Mbaraka Mwinshehe, mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa aliyetoka Morogoro Jazz akaanzisha Super Volcano mwaka 1973, alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979, na makala nyingi juu yake huanza na kuishia barabarani. Kwa msanii wa aina yake, aliyeshika kalamu, gitaa na kipaza sauti kwa pamoja, kazi ngumu na yenye faida ni kuitenganisha kalamu: kuyasoma maneno yake bila muziki, kuona alivyoyaweka mashaka ya mtu wa kawaida katika sentensi fupi ambazo yeyote angeweza kuzisema, kisha kuyarudisha kwenye gitaa.

Rasimu ikikamilika, isome kwa sauti mbele ya familia na, akiwa hai, mbele ya mwimbaji. Wape nafasi ya kusahihisha majina, nasaba na tarehe; katika tathmini ya tungo uamuzi ubaki kwako, na uwaambie hivyo kabla ya kuanza kusoma. Kitabu kinapotoka, peleka nakala za picha za madaftari, kwa idhini ya wenyewe, katika taasisi mbili zilizo mbalimbali, kwa mfano Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Nyaraka za Taifa Zanzibar, zikiwa pamoja na orodha yako ya tungo na alama za madaraja ya ushahidi, ili atakayepata santuri usiyoiona aweze kuongeza mstari wake pale pale.